Geji ya Joto na Mkwe Wangu Nyuma ya Boneti

Jumamosi hiyo tulikuwa watu wanne. Kulikuwa na mimi. Kulikuwa na binti yangu kitindamimba, aliyenileta Birmingham baada ya baba yake kufariki, ingawa siku hiyo hatukuwa naye kutwa nzima kwa sababu alikwenda kazini kwa basi akarudi mchana. Kulikuwa na mume wake, yaani mkwe wangu, mtu wa kwetu upande wa Kakamega, ambaye wazazi wake nawajua mpaka babu zao. Na kulikuwa na jirani, mjane wa Kizanzibari, mwenye nyumba ninamolala. Majina yao yote ninayo kichwani, na ya wapita njia waliosimama kututazama pia ninayo, maana sijawahi kusahau jina la mtu. Lakini binti yangu ameniomba nisiyaandike, basi nitawataja kwa udugu na ujirani wao, inatosha.

Labda unajiuliza kwa nini nilale kwa jirani, na binti yangu ana nyumba mlango wa tatu kutoka hapo, barabara hiyo hiyo ya Sparkbrook. Ni kwa sababu ya mkwe. Kwetu mama mkwe na mume wa binti yake hawalali chini ya paa moja. Hawapeani mikono, hawali meza moja, hawapandi gari moja. Wakikutana njiani, mmoja hupisha na mwingine huangalia pembeni, na salamu hutumwa kwa mdomo wa mtu wa tatu. Ni heshima, tena heshima kubwa. Wazungu wakisikia huuliza, je, mligombana? Hatujagombana hata siku moja. Tungegombania wapi, na hatujawahi kuongea?

Kwa hiyo Jumapili binti yangu hunipeleka kanisani, upande wa Aston, kwa gari la mumewe, na mwenye gari anapanda basi. Hajawahi kunung'unika. Mvua ikinyesha utamwona kituoni amejikunyata ndani ya koti, sisi tunapita, na mimi naangalia dirisha la upande mwingine.

Gari lenyewe ni dogo na la zamani. Lilitengenezwa Longbridge, hapa hapa mjini, enzi zile kiwanda kikiwa kiwanda. Siku hizi ukienda pale unakuta maduka na nyumba mpya. Vioo vyake unavizungusha kwa mkono, na redio yake husikika vizuri likiwa limesimama. Lakini linaenda. Binti yangu analitegemea kwa kazi yake ya kuwahudumia wazee majumbani. Anatoka kabla hakujapambazuka, nyumba hadi nyumba, kuwaamsha, kuwaosha, kuwapa chai na dawa.

Mwaka jana geji ya joto ikafa. Ile saa ndogo kwenye dashibodi, yenye mshale, inayokuonyesha kama injini imechemka. Mshale ulilala chini ukakataa kuamka. Mkwe wangu mikono yake inajua kazi, alikulia kwenye gereji ya mjomba wake kabla ya kuja huku kufanya kazi ghalani. Akaenda kwenye yadi ya magari mabovu, mahali magari yamepangwa juu kwa juu kama sahani, akafungua geji kwenye gari jingine lililokuwa limekwisha, akaja kuifunga kwenye letu. Haikuingia sawasawa, maana haikuzaliwa humo. Akaitafutia kibati cha kuishikilia, akaikaza kwa skrubu, mshale ukaamka.

Jumapili ya kwanza geji hiyo ilinisumbua. Kila barabara ikiwa na shimo ilikuwa inagonga, tata-tata-tata, karibu na magoti yangu, kama kifuniko cha sufuria. Nikamwambia binti yangu, "Hiki kitu kitanitoboa masikio kabla hatujafika kwa Bwana." Akacheka. Jumapili iliyofuata kimya kabisa. Nikasema moyoni, huyu mkwe wangu kweli alilelewa.

Ndipo taabu ikaanza. Binti yangu akawa akitoka alfajiri, hajafika mbali, mshale unapanda mpaka kwenye nyekundu. Anaogopa injini isimuungulie, anasimama kando ya barabara, anangoja ipoe. Anachelewa. Nyumba yake ya kwanza ni ya bibi mmoja wa Kiingereza kule Longbridge, anaishi peke yake, na hawezi kutoka kitandani bila mtu. Siku moja binti yangu alirudi akaketi jikoni kwa jirani bila kuvua koti.

"Mama, nimemkuta analia," aliniambia. "Amelowa, na baridi. Akaniambia, nilidhani leo hamji."

Mkubwa wake wa kazi alikuwa amekwisha kumwonya. Akichelewa tena, wazee wa Longbridge watapewa mtu mwingine. Na basi la alfajiri kutoka kwetu halimfikishi kwa wakati, alishajaribu, labda Jumamosi tu, ambapo zamu yake huanza jua limetoka. Kwa hiyo gari lisipopona, kazi hiyo inaondoka, na yule bibi anaondoka nayo, aliyekuwa amekwisha kumzoea binti yangu mpaka anajua hatua zake kwenye ngazi.

Mkwe wangu hakulala juu ya jambo hilo. Aliambiwa mshale unapanda asubuhi, akafikiri baridi. Akabadilisha thamostati, kile kifaa kinachoyafungulia maji ya kupoza injini. Akamwaga maji ya rejeta akaweka mengine. Akabadilisha na ile sensa inayopeleka habari za joto kwenye geji. Kila akimaliza anaendesha gari mchana mpaka Stratford Road na kurudi, mshale umetulia katikati. Binti yangu akitoka nalo alfajiri, nyekundu. Wanaume wa kanisani wakaleta dawa zao, maana kila mwanaume akiona boneti iko wazi anakuwa fundi. Mmoja akasema ni pampu. Mwingine akasema injini imepasuka ndani, wauze tu vyuma. Mwishowe mkwe akasema, atalifungua mara moja tena Jumamosi. Akikosa, Jumatatu linakwenda yadi kulala na wenzake.

Sasa mimi kuna kitu nilikuwa nimekiona. Jumapili iliyotangulia, tukienda kanisani, tulipita kwenye lile handaki la katikati ya mji, barabara inapoingia chini ya ardhi. Mchana, jua limetoka. Tulipoingia mshale ukaruka. Tulipotoka upande wa pili ukashuka. Nikafikiri, joto la injini gani hili linalopanda na kushuka haraka kuliko maziwa? Ugali wenyewe haupoi hivyo. Wakati wa kurudi nikamwangalia binti yangu mikono. Alipokaribia handaki aliwasha taa, mshale ukaruka. Alipotoka alizima taa, ukashuka.

Nikamwambia. Alikuwa amechoka, akanijibu, "Mama, nimeuona. Gari ni bovu tu." Na kwa mumewe alifikisha nusu: kwamba jana pia ulipanda. Habari ya handaki na taa ilibaki ndani ya gari. Mimi ningemwambia mkwe wangu vipi?

Basi Jumamosi. Mkwe ameinua boneti, gari liko mbele ya mlango wao. Mimi niko kwenye kiti nje ya mlango wa jirani, nimempa mgongo kidogo. Jirani yangu, Bi Mkubwa kama tunavyomwita sote, amesimama katikati na kikombe cha chai ya tangawizi, kama balozi.

Mkwe alihitaji mtu wa kukaa ndani aangalie mshale wakati yeye anashughulika mbele. Akamwomba Bi Mkubwa. Bi Mkubwa akaingia, akakodoa macho, akatoka.

"Baba, mimi miwani yangu sijui nimeiweka wapi. Naona rangi tu. Mshale siuoni, wallahi."

Hapo nikabaki mimi. Nikanyanyuka. Mkwe akaona, akajificha haraka nyuma ya boneti. Bi Mkubwa akatandaza kanga yake kati yetu, nikaingia upande wa dereva. Mara yangu ya kwanza maishani kukaa mbele ya usukani.

"Ati kama bibi harusi anaingizwa ndani," akasema Bi Mkubwa. "Nyie watu wa bara mna mambo! Mimi mkwe wangu nampiga kofi la mgongo akizembea."

"Ndiyo maana anahamia Leicester," nikamwambia.

Akacheka mpaka chai ikamwagika. Kisha akapenyeza mkono dirishani akageuza ufunguo, injini ikawaka. Mbele yangu boneti iliyoinuliwa imeziba kioo chote, sioni kitu ila rangi ya gari. Ninasikia tu mtu anagonga vyuma.

"Mwambie mshale umeanza kupanda polepole," nikamwambia Bi Mkubwa.

"Baba, anasema mambo mazuri, alhamdulillahi."

"Sikusema hivyo!"

"Hiyo alhamdulillahi nimekuongezea bure, shoga."

Nikangoja kidogo. Mshale ukafika katikati ukatulia. Nikasema, "Sasa mwambie tujaribu kuwasha taa."

Bi Mkubwa akaniinamia dirishani. "Taa za nini saa tano mchana? Mwenzio anatafuta joto, wewe unatafuta mwanga?"

"Mwambie tu."

Akainua kichwa. "Baba, mama yako anasema umechoka, upumzike unywe chai."

Na mkwe wangu, kwa adabu, akaacha spana akanywa chai. Ningefanyaje? Nilirudia, na kila niliporudia Bi Mkubwa aliona habari ya taa ni upuuzi wa kizee, akaibadilisha kuwa salamu, au pole, au dua. Alikuwa ananisitiri nisichekwe, ndivyo alivyoniambia baadaye. Mkwe akarudi kwenye injini, akavuta bomba hili, akakaza lile, akaniuliza kupitia kwake mshale uko wapi, nikajibu katikati, katikati, katikati. Mwisho nikasikia anajipangusa mikono.

"Bi Mkubwa," akasema, na sauti yake ilikuwa imeanguka, "mwambie Mama nimeshindwa. Sioni kosa. Jumatatu nalipeleka yadi. Nitamwambia mke wangu mwenyewe akirudi."

Nikaona vidole vyake vinashika ukingo wa boneti. Akiifunga tu tutatazamana uso kwa uso kwenye kioo, na itabidi nishuke nijifunike, na gari litakuwa limekwisha. Na yule bibi wa Longbridge atafunguliwa mlango na mgeni. Nikafungua kinywa.

"Usifunge!"

Vidole vikakaa pale pale. Bi Mkubwa alibaki na kikombe mdomoni, hanywi.

"Baba," nikasema, "usifunge hiyo boneti. Sikuoni na hunioni. Hapa hakuna mtu anayeongea na mkwe wake. Mimi naongea na boneti."

Nikaanza kujiuliza kama amekwenda zake. Kisha nikasikia, taratibu, "Boneti inasikia, Mama."

"Basi isikie vizuri. Huu mshale haupandishwi na asubuhi. Asubuhi ni giza, na kwenye giza binti yangu anawasha taa. Jumapili niliuona handakini. Taa zikiwaka unaruka, zikizimwa unashuka. Wewe ukilijaribu ni mchana. Hujawahi kuwasha taa."

Nikasikia spana ikiwekwa chini. Halafu, "Mama, mkono wa kushoto wa usukani kuna kijiti. Zungusha ncha yake."

Mkono wa kushoto na wa kulia ninaujua, lakini nilikuwa nimepata moto. Nikavuta kijiti kingine. Wiper zikaanza kucheza na maji yakaruka juu ya kioo yakamwangukia Bi Mkubwa.

"Ya Rabi! Shoga, mimi nishaoga leo!"

"Kijiti cha pili, Mama," mkwe akasema, na ninaapa alikuwa anacheka.

Nikazungusha. Mshale ukaruka papo hapo mpaka kwenye nyekundu.

"Umepanda!"

"Zima."

"Umeshuka!"

"Washa tena."

"Umepanda! Nyekundu kabisa!"

Nikasikia anapiga kiganja kwenye chuma. "Basi injini haiumwi. Haijawahi kuumwa. Ni geji inayosema uongo." Akanieleza kupitia boneti, kwa sauti ya mtu ambaye njia imemfungukia, wala sikuhitaji kurudiwa. Umeme ukishafanya kazi lazima urudi, na njia yake ya kurudi ni chuma cha bodi ya gari. Mafundi wanaita ethi. Geji ina mshale wake, na ina taa yake ndogo ya kuimulika usiku, na vyote viwili vinarudisha umeme kwa njia moja. Njia ikiwa pana hakuna shida. Ikiwa nyembamba, mshale peke yake unapenya. Ukiwasha taa, wanasukumana mlangoni, na mshale unayumba unasema mambo yasiyokuwepo.

"Na njia imekuwa nyembamba kwa nini?" nikamuuliza. "Si uliikaza mwenyewe?"

Bi Mkubwa akamtazama, akanitazama mimi, akamtazama yeye.

"Nilizungushia tepu, Mama," akasema. "Kile kibati, pale kinapogusa chuma cha bodi. Nilisikia kinakugongea masikioni. Ilibaki skrubu moja tu inayogusa."

Nilikaa na usukani mbele yangu. Mimi nililalamika kwa mdomo wa binti yangu, yeye akanisikia akaninyamazishia kelele, na katikati ya heshima zetu umeme ukakosa pa kupita. Sikuona wa kulaumiwa. Kama tungekuwa watu wa kuongea angeniuliza, Mama, nikiweka tepu si vibaya? Na mimi nisingejua, ningemwambia weka. Kwa hiyo hata hapo sijui kama tungepona.

"Itoe," nikamwambia.

"Itakuwa inapiga kelele."

"Nimelea watoto saba katika nyumba ya mabati, na mvua ya kwetu unaijua. Itoe."

Kanga ikatandazwa, nikashuka, nikarudi kwenye kiti changu na kuwapa mgongo. Alilala chini ya dashibodi miguu ikiwa nje barabarani. Alikwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, akafunga waya mweusi kutoka nyuma ya geji moja kwa moja mpaka pale, akaukaza. Hayo alinisimulia Bi Mkubwa, kwa uaminifu safari hii, neno kwa neno. Kisha akaniinamia sikioni.

"Kakwangua, kafunga waya. Na sasa kairudisha tepu yake kwenye kibati. Anasema waya ushachukua kazi, tepu haina madhara tena. Hataki kikugonge."

Niliangalia nyumba ya ng'ambo kwa muda.

Ikabaki kulipeleka handakini, kuwasha taa likiwa linakwenda. Mimi ndiye niliyejua mahali mshale ulipokuwa ukiruka, lakini kupanda naye gari, hapana. Kuongea na boneti ni jambo moja, kiti ni jambo jingine. Miwani ya Bi Mkubwa ikasakwa ikapatikana juu ya friji, akaingia mbele, baibui limemjaa kiti, wakaondoka. Niliwangoja nimesimama. Waliporudi alishuka kabla gari halijasimama vizuri.

"Shoga! Nimeukazia macho mpaka yamekauka. Tumeingia, kawasha taa, umelala pale pale katikati. Tumetoka, umelala. Nikamwambia tugeuze turudi tena, nimenogewa. Umelala!"

Binti yangu aliporudi na basi lake alitukuta watatu, kila mmoja mahali pake. Akamtazama mumewe, mikono myeusi, uso umefunguka.

"Limepona?"

"Limepona."

"Nani amekuonyesha?"

Mkwe wangu akaangalia chini. "Boneti," akasema. Binti yangu akadhani amechoka.

Jumatatu, giza bado, niliamka nikasimama dirishani kwa Bi Mkubwa. Nikaona taa za gari zinawaka, nikaona linatoka, linapinda kona. Nikakaa na simu mkononi. Ilipolia bado nilikuwa ukingoni mwa kiti.

"Mama, nimefika," akasema binti yangu. "Hata hajaamka. Nimekaa hapa kando yake nangoja afungue macho."

Nimeandika kama ninavyokumbuka, na kumbukumbu yangu ninaiamini. Lakini yako mawili ambayo nayaacha wazi. Bi Mkubwa anasema nilipofungua kinywa nilisema "Ngoja," na mimi najua nilisema "Usifunge." Na wifi yangu wa Kakamega, nilipomsimulia kwenye simu, alisema boneti si ukuta, kwamba mila nimeivunja na napaswa kutuma kuku wa kuomba radhi kwa wazazi wa mkwe. Mimi nasema ukuta ni kitu chochote kinachozuia macho. Kama ulipita barabara yetu Jumamosi ile ukasikia vingine, au kama wewe ni wa kwetu na wazee wako walikufundisha tofauti, nisahihishe. Ukinionyesha nimekosea, kuku nitamtuma.